Sakafu moja, zege la aina tatu

Nyuma ya nyumba kulikuwa na sakafu ya zege, urefu mita 5, upana mita 3. Mwenye nyumba alitaka iondoke yote. Bomba jipya la maji machafu lilipaswa kupita chini yake, na eneo ambalo lingebaki alitaka kuligeuza bustani. Alikuwa na nyundo kubwa ya kilo 5, mtaimbo, toroli na vijana wawili wa nyumbani wenye nguvu zao. Kwa hesabu yake, hiyo ilikuwa kazi ya mwisho wa juma.

Vijana walianzia katikati, mahali penye nafasi ya kusimama na kuzungusha nyundo. Nyundo ikawa inaruka tu. Kila pigo liliacha doa jeupe na unga kidogo, basi. Walipokezana hadi viganja vikatoka malengelenge, na sakafu ikabaki kama walivyoikuta. Jioni mwenye nyumba akakata shauri kwamba zege hilo ni gumu mno, na dawa yake ni mashine kubwa kuliko zote atakayoweza kukodi. Ndipo alipoomba ushauri wangu. Nilimwomba kwanza asikodi chochote. Tuchukue jembe, tufukue ukingo wa sakafu, tuone inafananaje kwa ubavuni.

Ukingo ulitoa majibu mara moja. Upande ule zege lilikuwa na unene wa sentimita 8 tu, bila nondo hata moja. Yaani sehemu iliyowashinda vijana kutwa nzima ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Kilichowashinda kilikuwa namna sakafu ilivyolala.

Zege la kawaida la majumbani huhimili mkandamizo wa megapaskali 20 hadi 30, na huendelea kukomaa polepole hata baada ya zile siku 28 ambazo mafundi huzihesabu. Likivutwa, hukatika kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Hapo ndipo penye siri yote ya kulivunja. Sakafu iliyolalia udongo ulioshindiliwa, ikipigwa katikati, haina pa kwenda. Chini imeshikiliwa na ardhi, pembeni imebanwa na zege lenzake. Nguvu ya pigo inaingia kama mkandamizo, yaani inapita mahali zege lilipo imara, kisha inamezwa na udongo au inarudi kwenye mpini na mikono ya mpigaji. Ukiendelea hivyo, ni kutwanga maji kwenye kinu.

Sasa ondoa udongo chini ya ukingo, kiasi cha sentimita 25 kuingia ndani, halafu piga juu ya uwazi huo. Zege linapinda kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho, na likipinda lazima upande mmoja uvutike. Ufa unaanzia kwenye upande unaovutwa na kusonga hadi upande wa pili. Kwa sakafu ya sentimita 8 isiyo na nondo, mapigo mawili matatu ya nyundo ileile ya kilo 5 yanatosha kudondosha kipande.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulianzia kwenye kona, kwa kuwa kona ina pande mbili zilizo huru. Kijana mmoja alifukua, mwenzake akapiga. Vipande vya mwanzo vilipotoka, kufukua kukawa hakuna haja tena. Mtaimbo uliingizwa chini ya ukingo mpya, ukainua kwa sentimita chache, jiwe likasukumwa chini karibu na ukingo, na nyundo ikapiga kati ya jiwe na pale ambapo sakafu bado ilikuwa imelala. Anayeinua na anayepiga wasifanye kazi kwa wakati mmoja. Jiwe likishakaa, mwenye mtaimbo anasogea kabisa. Na nyundo ya kilo 5 haihitaji kutupwa kwa hasira. Inainuliwa hadi usawa wa bega, inaongozwa, uzito wake unafanya yaliyobaki. Anayeipiga kwa nguvu zote anachoka mapema na anakosa shabaha, na nyundo iliyokosa shabaha hutafuta mguu.

Kuna jambo moja ambalo maelezo mengi ya kazi hii huliruka: sauti. Zege zima hulia kwa mlio mkali unaofanana na chuma. Likishaanza kupasuka ndani, mlio hubadilika na kuwa mzito, kama limepigwa huku limefunikwa gunia, hata kama juu hakuna ufa wowote. Mlio ukibadilika, usihame. Pigo linalofuata, au la tatu, litafungua. Ukiona umepiga mara sita au saba na mlio ni uleule, huo si ubishi wa zege. Ama umeingia ndani mno kutoka ukingoni, au chini yake pamejaa udongo, au umefika kwenye nondo.

Kwenye nondo tulifika baada ya kuondoa karibu mita 9 za mraba. Unene uliongezeka ghafla hadi sentimita 12, na kwenye mpasuko zikachomoza nondo nyembamba za milimita 6, zimepangwa kama wavu wa matundu ya sentimita 20. Ilionekana wazi kwamba sakafu haikumwagwa kwa mara moja. Mtu alianza na sehemu nzito, labda kwa ajili ya gari au tangi, kisha baadaye akaongeza ile nyepesi.

Nondo hubadilisha kanuni ya mchezo. Zege hukatika kwa sababu haliwezi kuvutwa, na kazi ya nondo ni kuvutwa kwa niaba yake. Ukipiga, nyufa zinakuja kama kawaida, lakini vipande havitengani. Vinaning'inia kwenye wavu, vinabanana, na kila pigo linalofuata linamezwa na mtikisiko wa vipande hivyo. Hapa ndipo mashine inapostahili gharama yake.

Lakini mashine ipi? Mwenye nyumba bado alikuwa na ile kubwa kichwani mwake. Tukapiga hesabu. Nyundo ya kilo 5 ikitua kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde hubeba nishati ya jouli 160. Mashine ya umeme ya kubomolea yenye uzito wa kilo 15 hivi hutoa kama jouli 45 kwa pigo. Kwa pigo moja moja, mtu anaishinda mashine mara tatu na zaidi. Tofauti ni kwamba mtu anapiga labda mara moja kila sekunde tatu, na pigo lake linatawanyika kwenye uso mpana wa nyundo. Mashine inapiga kama mara 1,400 kwa dakika, na pigo lote linapita kwenye ncha ya tindo. Ukigawanya, mtu anatoa jouli hamsini na kitu kwa sekunde, mashine inatoa zaidi ya 1,000. Kwa sentimita 12 hiyo inatosha. Mashine ya kilo 30 ingevunja pia, ila mtu asiye na mazoea angechoka kwa kuinyanyua kabla ya kuchoka kwa kuvunja. Ile ndogo ya kushika mkono mmoja juu na mwingine chini, drili ya nyundo inayotoa jouli kama 10, ni nzuri kwa kubandua vigae au kutoboa, si kwa sakafu.

Kabla mashine haijawashwa kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kilichopita chini. Tulifuata njia ya bomba la maji kutoka kwenye mita, na ya waya kutoka kwenye taa ya nje, tukachora kwa chaki juu ya sakafu. Waya ulipita pembeni kabisa. Ulizimwa kwenye sanduku la umeme na kubaki hivyo hadi mwisho. Tindo haijui tofauti ya kokoto na waya wenye umeme.

La pili ni ukuta. Sehemu hii nzito ilikuwa imemwagwa hadi kugusana na ukuta wa nyumba, bila nafasi yoyote. Ukipiga zege lililoshikana na ukuta, ukuta nao unapigwa, na matokeo yake huonekana baadaye kwenye plasta ya ndani. Kwa hiyo tulikata mfereji kwa grainda yenye diski ya almasi ya milimita 230, sambamba na ukuta, sentimita chache kutoka kwake. Diski ya ukubwa huo huingia kiasi cha sentimita 6 hadi 8, si 12, lakini kina hicho kilitosha kwa sababu ufa hufuata njia iliyoanzishwa. Mkato unapitishwa mara kadhaa, kila mara ukizama kidogo. Anayetaka kufika chini kwa mpito mmoja anaikaribisha diski ibanwe, na diski iliyobanwa huitupa grainda nyuma, kuelekea aliyeishika.

Vumbi la mkato huo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko hatari nyingine zote za siku ile. Mchanga na kokoto nyingi zina silika, na diski inaisaga kuwa chembe ndogo kiasi cha kupita koo na kutua ndani kabisa ya mapafu, zisitoke tena. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi, na makovu yake hayaponi. Tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka silika ya namna hii kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Maji yanamaliza sehemu kubwa ya tatizo: mtu mmoja anakata, mwingine anamwaga maji polepole pale diski inapoingia. Lakini maji na umeme si marafiki. Waya wa grainda upitie kwenye swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja, viungio vya waya visiwe chini penye tope, na kama grainda haikutengenezwa kutumika na maji, basi ikodiwe inayofaa. Barakoa iwe ya daraja la FFP3, au P100 kwa wanaotumia viwango vya Marekani, iliyobana usoni. Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia unga unaouona, na ule unaoua hauonekani. Miwani, viziba masikio na viatu vyenye chuma mbele sivijadili. Asiyekuwa navyo hakuanza kazi.

Mashine yenyewe ina adabu zake. Tindo inawekwa sentimita 10 hadi 15 kutoka ukingoni, imelazwa kidogo kuelekea upande ulio huru, na inashikiliwa bila kulaliwa. Watu wengi huilalia kwa kifua wakidhani wanaisaidia. Wanachofanya ni kuzuia mrudio wake na kuuhamishia mwilini. Sekunde kumi, kumi na tano zikipita bila ufa, toa tindo, sogea karibu zaidi na ukingo. Ukikazana palepale, itatoboa shimo nadhifu na kunasa humo. Iliponasa mara moja, na ilinasa, hatukuipigapiga wala kuipinda. Tulivunja pembeni yake kwa nyundo na tindo ya mkono mpaka ikaachiwa.

Kuna hesabu nyingine ambayo wakodishaji wa mashine hawaitaji. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake 2002/44/EC, umeweka kikomo cha mtikisiko wa mikono kwa siku ya kazi ya saa 8 kuwa mita 5 kwa sekunde ya mraba, na hatua za kujikinga zianze kwenye 2.5. Mashine yenye mtikisiko wa 10 inafikisha hiyo 2.5 ndani ya nusu saa tu ya kubonyeza swichi, na kikomo chenyewe baada ya saa 2. Vidole vinavyokufa ganzi na kuwa vyeupe kwenye baridi ni matokeo ya kupuuza hesabu hii kwa miaka. Kwa kazi ya nyumbani ya mara moja hatari ni ndogo, lakini zamu fupi fupi zilikuwa na faida nyingine: aliyepumzika alikuwa akikata nondo.

Kukata nondo mapema ndiko kulikoipa kazi mwendo. Kila safu ya vipande ilipolegea, mkasi mkubwa wa nondo ulipita na kuachanisha wavu, vipande vikaondolewa, na mashine ikapata ukingo mpya ulio huru. Wale wanaovunja kila kitu kwanza wakiweka nondo kuwa shughuli ya mwisho hujikuta na zulia la vifusi lililoshonwa kwa chuma, lisiloinuka wala kukatika. Milimita 6 ni rahisi kwa mkasi. Kuanzia milimita 12 ningechukua grainda yenye diski ya chuma. Tahadhari moja tu: nondo iliyopindwa na kubanwa hufyatuka inapokatwa. Kata ukiwa pembeni. (Ghorofani mambo ni tofauti kabisa. Baadhi ya sakafu za ghorofa zina nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa sana, na kukata mmoja kunaweza kuleta maafa. Sakafu ya aina hiyo haiguswi bila mhandisi.)

Kwenye kona ya mwisho tukakutana na aina ya tatu. Chini ya sakafu palikuwa na bonge la zege, sentimita 80 kwa 80, kina chake 70. Kitako cha tangi la zamani, bila shaka. Ujazo wake ni karibu nusu mita ya ujazo, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, bonge lile lilikuwa na tani 1 na kitu. Na lilikaa hasa kwenye njia ya bomba.

Swali la kwanza kwa bonge la namna hii ni kama kuna haja ya kuligusa. Kama ingekuwa ni bustani tu, ningeshauri wavunje sentimita 30 za juu, waweke udongo, wasahau. Bomba la maji safi lingezungushwa. Bomba la maji machafu hutegemea mteremko, na kila kona unayoongeza ni mahali pa kuziba baadaye. Hivyo lilipaswa kuondoka.

Jirani alishauri tuwashe moto juu yake kisha tumwagie maji baridi. Njia hiyo ilitumika migodini tangu kale kupasua miamba, kwa hiyo haikuwa ndoto. Lakini zege lina maji ndani ya vitundu vyake. Likipashwa moto haraka, maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa njia, na vipande vinaruka kama risasi. Mwingine alitaja tindikali. Tindikali hula saruji kwa juu, milimita kwa milimita, na kuacha udongo usiofaa kupandwa kitu.

Njia mbili zilifaa. Moja ni kabari za chuma zinazoingizwa kati ya vipande viwili vya chuma ndani ya tundu, kisha zikagongwa kwa zamu moja baada ya nyingine kwenye mstari mpaka zege lipasuke. Ni njia ya kale, haina kelele nyingi, na inarudiwa bila kununua kitu kipya. Ya pili ni unga wa kupasulia miamba, ambao msingi wake ni chokaa iliyochomwa. Ukichanganywa na maji unavimba polepole ndani ya tundu na kusukuma kwa nguvu inayozidi megapaskali 30. Kwa kuta za tundu, huko ni kuvutwa, na tunajua zege huvumilia nini likivutwa. Tulichagua unga, kwa sababu ya kina: kabari hufanya kazi nzuri karibu na uso, na bonge hili lilikuwa refu kwenda chini.

Hata hapa zege lilihitaji pa kuelekea. Tulifukua udongo pande tatu za bonge hadi chini kabla ya kutoboa chochote. Unga unaomwagwa kwenye zege lililobanwa na ardhi pande zote unasukumana na ardhi, na mara nyingi hutoa nyufa nyembamba tu zisizo na msaada. Kisha drili ya nyundo ikatoboa matundu ya milimita 38, kina sentimita 60, umbali wa sentimita 25 hadi 30 kati yao, yakiwa karibu zaidi na zile pande zilizo wazi. Kila tundu lilimeza kiasi cha kilo 1 ya unga. Maji yawe ya baridi, takriban theluthi ya uzito wa unga, na uji umiminwe ndani ya dakika chache kabla haujaanza kupata moto.

Unga huu unadharauliwa kwa sababu hauna mlipuko. Lakini ukitumika ule wa msimu wa baridi kwenye joto kali, au tundu likiwa pana kupita kiasi, huweza kuchemka na kuruka juu kama bomba lililofunguliwa, na uji wake unachoma macho vibaya sana. Hakuna anayeinama juu ya tundu baada ya kulijaza, awe na miwani au asiwe nayo. Bonge lilifunikwa kwa turubai, watoto wakazuiwa, na mabaki ya uji hayakuachwa kwenye chupa, maana chupa nayo ingepasuka.

Asubuhi yake bonge lilikuwa na nyufa za upana wa kidole, zimekwenda kutoka tundu hadi tundu kisha nje. Mtaimbo uliingia kwenye ufa na kutenganisha vipande. Vichache vilikuwa vizito kubebwa na watu wawili. Hivyo vilipewa mashine kwa dakika chache. Nondo zilikuwa nne tu, za wima.

Kilichobaki ni vifusi, na hapo ndipo mwenye nyumba alipopata mshangao wa mwisho. Zege lote lilikuwa karibu mita 1.9 za ujazo, tani 4 na nusu. Likishavunjwa, kwa sababu ya nafasi kati ya vipande, linajaza kama mara moja na nusu ya hapo, yaani karibu mita 2.8 za ujazo. Kwa toroli linalobeba kilo 70 bila kumvunja mtu mgongo, ni safari zaidi ya sitini. Alikuwa amepanga gari dogo lije mara moja.

Sehemu ya vifusi ilibaki. Vipande visivyo na nondo, vikivunjwa hadi ukubwa wa ngumi, vilitandazwa kuwa tabaka la chini la njia ya miguu pembeni ya bustani. Kwenye mtaro wa bomba havikuwekwa hata kimoja, ingawa mmoja wa vijana alianza kuvimwaga humo ili apunguze safari. Kingo zake ni kali, udongo ukituama juu yake hukandamiza ncha kwenye bomba la plastiki, na bomba likitoboka hapo mtu atafukua upya. Mtaro ulijazwa mchanga chini na juu ya bomba, kisha udongo uleule uliotoka humo.